Jarida la wanafunzi la mwaka 1924 linaweza kuzaa kabila? Wabodo wa Assam wananinyima usingizi

#1 Msomaji Mchovu
Habari za jioni wakuu.

Wiki nzima nimezama kwenye habari za Wabodo wa Assam, kaskazini-mashariki ya India, ule ukanda wa kaskazini ya mto Brahmaputra. Wengi wetu Assam tunaijua kwenye pakiti ya majani ya chai tu.

Karne ya 19 hawa watu walikuwa na majina kama mtoto aliyelelewa na shangazi watatu. Waassam waliwaita Wakachari, upande wa Bengal wakaitwa Wamech, na wenyewe wakijiita Boro. Kitabu hawana, gazeti hawana. Mwaka 1915 kikachapwa kitabu cha sheria na mila zao, Boroni Phisa o Ayen. Mwaka 1924 wanafunzi wakatoa jarida, Bibar, yaani Ua, lile linalochanua. Mwaka 1952 likaundwa baraza la fasihi, Bodo Sahitya Sabha, pale Kokrajhar. Mwaka 1967 chama cha wanafunzi. Kufika 2003 wana eneo lao la utawala, na lugha yao imeingizwa kwenye orodha ya lugha zinazotambuliwa na katiba ya India.

Dai langu: kabila hili kama tunavyolijua leo limezaliwa kwenye mtambo wa kuchapa. Ngano na mashujaa vilikuwepo, ila vilikuwa mali ya kijiji hiki na kijiji kile. Jarida ndilo lililomfanya mtu wa Goalpara, magharibi, ajue kwamba huko Darrang, mashariki, ana ndugu. Nibisheni.

#2 Jogoo wa Shamba
Nimeingia mbio nikidhani uzi wa bodaboda. Ila nimeshakaa, endeleeni.

#3 Mama Kalamu
Mleta mada, uzi mzuri, ila marekebisho kabla hujaaminiwa na watoto wa shule.

Baraza la fasihi liliundwa Basugaon, tarehe 16 Novemba 1952. Si Kokrajhar mjini. Na rais wake wa kwanza, Joy Bhadra Hagjer, alikuwa Mdimasa. Usilipite hilo haraka. Wadimasa ni ndugu wa Wabodo kwa lugha, lakini leo wanajihesabu kabila lao wenyewe, huko kwenye vilima vya kusini. Yaani mwaka 1952, miaka 28 baada ya hilo jarida lako, bado haikuwa wazi nani yumo ndani ya neno "sisi" na nani yuko nje.

La pili, Bibar iliyohaririwa na Satish Chandra Basumatary haikuwa ya Kibodo kitupu. Ilikuwa na Kiassam na Kibengali humo humo. Jarida la kuzaa kabila, kurasa zake kadhaa zinasema lugha ya jirani!

#4 Msomaji Mchovu
Basugaon, nimepokea. Lakini hoja ya lugha tatu si inaniunga mkono? Mtu anayetaka kumwambia jirani "mimi si wewe" lazima aseme kwa lugha ambayo jirani anaielewa.

#5 Chumvi Kidogo
Haya mambo Anderson alishayamaliza zamani. Mataifa yanabuniwa na magazeti na mitambo ya kuchapa. Funga uzi.

#6 Mama Kalamu
Anderson yupi, mkuu? Maana kwa Wabodo wapo wawili. Benedict Anderson, wa ile nadharia ya mwaka 1983, na J. D. Anderson, afisa wa serikali ya kikoloni aliyechapa mkusanyiko wa ngano na mashairi ya Wakachari huko Shillong mwaka 1895. Mmoja anasema uchapaji huzaa taifa, mwingine ndiye aliyekuwa akichapa. Ukisema tu "Anderson alisema" hapa utapigwa faini.

#7 Chumvi Kidogo
Nilikuwa namaanisha wa nadharia. Sikujua ana somo wake. Faini nitalipa kwa karanga.

#8 Hesabu Kali
Wote mnachelewa. Jina "Bodo" lenyewe liliwekwa kwenye maandishi na Mwingereza, Brian Houghton Hodgson, mwaka 1847. Kwa vinywa vyao ni Boro, ile sauti ya katikati ni ya ulimi kugonga, mzungu akaisikia "d" na "d" ikabaki. Baadaye kaja mmishonari Sidney Endle, aliyekaa miaka mingi Darrang: mwaka 1884 katoa sarufi ya lugha yao, na mwaka 1911, akiwa ameshafariki, kikatoka kitabu chake juu ya Wakachari. Ongeza sensa za wakoloni ambazo kila miaka kumi zinamlazimisha mtu aseme yeye ni nani. Kabila lilizaliwa kwenye fomu. Hao wanafunzi wa 1924 walikuta fomu imeshajazwa, wakabishana na kilichoandikwa.

#9 Kiguu na Njia
Wakuu salaam. Mimi nimesoma Guwahati, mji mkubwa wa Assam, miaka miwili, na chumba nilikaa na kijana Mboro kutoka pande za Kokrajhar. Nitasema niliyoyaona, nadharia nawaachia nyinyi.

Kwanza, Hesabu Kali yuko sahihi kwenye jina. Jamaa yangu kwenye fomu anaandika Bodo, akiongea na mama yake kwenye simu ni Boro.

Pili, siku moja nilimletea kitabu cha ngano zao nilichokipata maktaba, tafsiri ya Kiingereza. Kuna ngano za mtu anaitwa Abra, juha mmoja hivi, kama Abunuwasi aliyesahau akili nyumbani. Jamaa akasoma moja, akacheka, halafu akanyamaza. Nikamuuliza vipi? Akasema, "Hii ni ya kwetu, lakini bibi haisimulii hivi." Bibi yake akifika pale Abra anapoharibu mambo, anasimama, anamtazama mjukuu mmoja aliyefanya ujinga siku hiyo, na watoto wote wanajua Abra wa leo ni nani. Kitabuni hakuna mjukuu. Abra amebaki mjinga wa watu wote.

#10 Bi Mwanaidi
Kiguu, hapo umesema neno. Bibi yangu Pangani alikuwa akisema "paukwa" na sisi "pakawa", na sungura wake alikuwa na tabia za mjomba wangu kabisa. Nilipokuja kuisoma shuleni nikaona sungura ni wa serikali.

Naomba kuuliza: hao Waboro kabla ya jarida walijuana kwa nini? Lazima kilikuwepo kitu.

#11 Kiguu na Njia
Bi Mwanaidi, kipo. Uani kwa wale wanaofuata dini ya asili, inayoitwa Bathou, utakuta kijiuzio cha mianzi na katikati umepandwa mmea unaitwa sijou. Ni jamii ya mnyaa wetu, una utomvu mweupe, shina lake lina matuta. Na kuna msemo ambao hata yule jamaa yangu asiyejua ibada yoyote aliuimba bila kufikiri:

Sijouni siria siriba, siphungni gudunga gudungba, bathouni bandwa bandoba.

Yaani sijou ina matuta matano, siphung ina matundu matano, Bathou ina mafundo matano. Siphung ni filimbi yao ndefu ya mwanzi. Sasa kaa ufikirie: mmea, ala ya muziki na dini vimefungwa kwa namba moja. Kila "ba" pale mwishoni ni tano. Huhitaji kujua kusoma. Mtoto akiona ule uzio nyumbani anaona katiba.

#12 Bi Mwanaidi
Mashaallah. Basi mleta mada kabila lako la mtambo limeshapata mpinzani. Uzio wa mianzi ulitangulia.

#13 Mama Kalamu
Ngojeni, msikimbilie kufunga hesabu. Hapa ndipo panaponikuna mimi.

Mwaka 1906 alitokea Kalicharan Brahma, huko wilaya ya Goalpara ya zamani, akaleta dini mpya aliyoipata Calcutta, Brahma Dharma. Aliwataka watu waache pombe ya mchele, waache kufuga nguruwe, waache kuchinja kwenye ibada, wasomeshe watoto. Wafuasi wake wakachukua jina la Brahma, ndiyo maana leo Wabodo wengi mno ni fulani Brahma. Kizazi cha wasomi waliokuja na magazeti na vyama kimetoka kwa kiasi kikubwa kwenye wimbi hilo.

Mnaliona fumbo? Waliokuwa na kalamu ni wale waliokuwa wanaondoka kwenye ule uzio wa mianzi. Kwao ibada ya Kherai, ambamo mwanamke aitwaye doudini hupandisha na kucheza huku siphung zikilia, ilikuwa jambo la kurekebishwa. Halafu miaka inapita, watoto na wajukuu wa warekebishaji wanahitaji alama ya kumwonyesha Mwassam kwamba sisi si tawi lako. Wanarudi kuchukua nini? Kherai, Bathou, siphung, ngoma ya Bagurumba, sherehe ya Bwisagu. Vitu vile vile. Ila sasa vimekuwa "utamaduni wetu", viko jukwaani na kwenye kurasa. Ngano zikachapwa na watu ambao wazazi wao waliwakataza kulala kwenye nyumba zinakosimuliwa. Hilo la mwisho nimetia chumvi, msinishike.

#14 Chumvi Kidogo
Chumvi ni mali yangu, omba ruhusa.

#15 Hesabu Kali
Naunga mkono #13, isipokuwa wapo waliobaki Bathou muda wote huo, na wapo waliokuwa Wakristo. Msiwafanye wote wamepanda basi moja la Kalicharan.

#16 Jogoo wa Shamba
Swali la kijinga: kwa nini majina yao yana "w" kila mahali? Bwisagu, nimeona na shujaa anaitwa Jwhwlao Dwimalu. Nimejaribu kulitamka, mke wangu kaniuliza kama tumbo linauma.

#17 Fundi Herufi
Jogoo, swali lako si la kijinga, limebeba damu.

Hiyo "w" ni irabu. Vuta ulimi nyuma kama unasema "u" lakini midomo usiikunje. Herufi za Kilatini hazina alama yake, wakaipa "w". Ila zipo hati nyingine zilizogombaniwa. Mwanzoni walitumia hati ya Kiassam na ya Kibengali. Kibodo kilianza kufundishia shule za msingi mwaka 1963, na hapo ugomvi wa herufi ukaanza kuiva. Baraza la fasihi likaamua kwenda Kilatini, na mwaka 1974 likatoa kitabu cha kusomea cha watoto, Bithorai, kwa herufi za Kilatini, likakipeleka shuleni. Serikali ya Assam ikazuia fedha za shule zilizokitumia. Yakafuata maandamano, na watu 15 wakauawa. Mwisho wake, 1975, yakafikiwa maafikiano ya kutumia Devanagari, hati ambayo haikuwa ya upande wowote wa ugomvi ule.

Watu 15, wakuu. Kwa kitabu cha a, e, i, o, u. Mleta mada asitafute kuzaliwa kwa kabila kwenye jarida la 1924 lililosomwa na wanafunzi wachache. Atafute kwenye Bithorai. Msomaji wa Bibar alisoma akalala, mzazi wa 1974 aliingia barabarani.

#18 Msomaji Mchovu
Fundi umeniumiza na umenisaidia kwa pamoja. Kitabu cha shule nacho si kimechapwa?

#19 Jogoo wa Shamba
Devanagari si ndiyo Kihindi? Wamekimbia Kiassam wakaangukia Kihindi?

#20 Fundi Herufi
Hati si lugha, jirani. Devanagari inaandika Kihindi, Kimarathi, Kinepali, Kisanskriti na sasa Kibodo. Lakini wapo waliolia hivyo hivyo kama wewe, kwamba huku ni kuhama nyumba ya jirani mdogo kwenda ya jirani mkubwa. Na wapo wanaoamini zamani walikuwa na hati yao, Deodhai, iliyopotea, na huonyesha michoro ya kwenye mawe ya Dimapur. Ushahidi wa kuitosheleza mahakama haupo, ila ngano ya hati iliyopotea nayo ni ngano, na inafanya kazi.

#21 Mvita Halisi
Herufi zinaniuma roho. Sisi nasi tulikuwa na Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne kadhaa, tenzi na tenzi, akaja mzungu akabadili hati, halafu mwaka 1928 wakakaa hapa hapa Mombasa wakaamua usanifu ujengwe juu ya Kiunguja. Kimvita chetu kikawa "lahaja". Wenye gazeti ndio wenye lugha.

#22 Bi Mwanaidi
Mvita, kila uzi lazima uuletee kesi ya 1928. Juzi ulikuwa uzi wa bei ya vitunguu.

#23 Mvita Halisi
Na vitunguu vilihusika.

#24 Kiguu na Njia
Ila Mvita ana hoja humo ndani. Kibodo nacho kilifanyiwa usanifu, na ulioshinda ni usemi wa magharibi, pande za Kokrajhar. Sasa kumbukeni Endle alikuwa Darrang, mashariki. Kwa hiyo sarufi ya Endle imetoka upande mmoja na lugha ya shule upande mwingine. Darasani kwetu alikuwepo dada kutoka Udalguri, mashariki huko. Akizungumza na jamaa yangu walielewana vizuri tu, lakini walitaniana kutwa. Yeye anamwambia "wewe unaongea kama kitabu", jamaa anamjibu "wewe unaongea kama bibi yangu". Mpaka leo sijui nani alitukanwa.

#25 Mama Kalamu
Hiyo naichukua niiweke ukutani.

#26 Bi Mwanaidi
Mimi mnisamehe, mmeongea kalamu tu, wanawake mmewasahau. Nimesoma kidogo baada ya kuona uzi huu. Kuna kitambaa wanaita aronai, skafu yenye nakshi, na inasimuliwa kwamba zamani wanawake waliisuka usiku mmoja ili wapiganaji waende nayo vitani. Leo mgeni akifika anavishwa aronai shingoni. Na dokhona, vazi la wanawake linalofungwa kuanzia kifuani, linafumwa nyumbani. Nakshi ni maandishi. Mwanamke ambaye hakuwahi kuona Bibar alikuwa anachapa kabila lake kila siku kwenye mtande. Huyo mmemuweka wapi kwenye nadharia zenu za Anderson wawili?

#27 Msomaji Mchovu
Bi Mwanaidi, sina jibu. Nakiri.

Ingawa... ile habari ya aronai wewe umeisoma. Kwenye maandishi.

#28 Bi Mwanaidi
Mchovu jina na hoja zako vinalingana.

#29 Chumvi Kidogo
Mnazunguka. Watu hawaingii barabarani kwa ajili ya ngano wala skafu. Ni ardhi. Wakulima wa bonde wanaona misitu na mashamba yanakwenda, wageni wanaongezeka, ajira serikalini zinapitia Kiassam. Tarehe 2 Machi 1987 chama cha wanafunzi, ABSU, chini ya Upendranath Brahma, kikaanza vuguvugu la kudai jimbo, kauli mbiu ni kuigawa Assam nusu kwa nusu. Mikataba ikafuata 1993, 2003 na 2020. Kwenye meza za mikataba hiyo hakuna aliyejadili matundu ya filimbi. Utamaduni ni kanzu ya Ijumaa, mwenye njaa haivai.

#30 Fundi Herufi
Chumvi, soma mikataba yenyewe. Lugha na hati vimo. Mwaka 2003 Kibodo kiliingia kwenye orodha ya katiba pamoja na Kidogri, Kimaithili na Kisantali. Mwaka 2020 kikawa lugha rasmi ya ziada ya Assam. Hao wenye njaa yako walikuwa wanadai na kamusi.

#31 Hesabu Kali
Na kuna upande ambao uzi huu unaukwepa. Eneo hilo haliishi Wabodo peke yao. Wapo Wakoch-Rajbongshi, Wasantali, Waislamu wenye asili ya Bengal, Waassam na wengine. Ukichapa ngano inayosema ardhi hii ni ya babu zetu, jirani naye anaisoma. Mwaka 2012 ghasia kati ya Wabodo na Waislamu wa huko ziliwaondoa watu wapatao 400,000 majumbani mwao, wa pande zote. Sisemi ngano ndizo zilizochoma nyumba. Nasema tusizishangilie kama vile zinaliwa na wali tu.

#32 Kiguu na Njia
Kweli. Jamaa yangu hakupenda kuongelea mwaka ule. Nilimuuliza mara moja tu.

#33 Jogoo wa Shamba
Wako wangapi kwani?

#34 Hesabu Kali
Wasemaji karibu milioni 1.5, sensa ya 2011.

#35 Mama Kalamu
Narudi kwa Chumvi, maana nilikuwa jikoni. Ardhi ni sababu, sikatai. Lakini mwenye kugombea shamba lazima aseme "letu", na neno "letu" lina kazi kubwa. Kwa Waboro wengi, majina ya mito ndiyo hati ya shamba. Maji kwa lugha yao ni dwi, kwa Wadimasa ni di, basi utawasikia: Dihing, Dibang, Dikhow, yote ni majina yetu, tulifika kabla ya mtu yeyote. Wanaisimu wengine wanakubali baadhi, wanabishia mengine. Lakini angalia hoja ilivyojengwa: imechukua simulizi, ikaivisha sarufi, ikaichapa kwenye jarida, ikaipeleka serikalini. Sasa niambie hapo ngano inaishia wapi na siasa inaanzia wapi.

#36 Chumvi Kidogo
Sikujibu. Nimekaa tu nasoma majina ya mito.

#37 Msomaji Mchovu
Kiguu, jamaa yako bado mnawasiliana? Muulize yeye: ni jarida, ni uzio, ni fomu ya mkoloni, ni Bithorai, ni mtande, au ni shamba?

#38 Kiguu na Njia
Nimemtumia ujumbe, ngoja aamke, huko ni saa mbili na nusu mbele yetu, atakuwa amelala.

#39 Mvita Halisi
Wakati tunasubiri, ile 1928...

#40 Bi Mwanaidi
Kaa.

#41 Kiguu na Njia
Amejibu. Kwanza, ameandika Kibodo chake kwa herufi za Kilatini, zile za "w". Nikamtania: ndugu, watu 15, na mwisho Devanagari, mbona unaandika hivi? Akasema Devanagari aliandikia mitihani, kwenye simu kidole kinakataa.

Kuhusu maswali yenu nilimpangia yote sita. Hakuchagua. Amesema bibi yake, yule wa Abra, alifariki mwaka juzi, hakujua kusoma, jina la Bibar hakuwahi kulisikia, na uani kwake hapakuwa na sijou kwa sababu babu alikuwa mfuasi wa Kalicharan. Lakini mtu akimwita Mkachari alikuwa anafunga mlango.

Halafu akaniuliza: na nyinyi, Waswahili ni kabila?

#42 Mvita Halisi
Ndiyo.

#43 Hesabu Kali
Hapana.

#44 Mama Kalamu
Hilo lifunguliwe uzi wake, tafadhali. Mimi kesho nina kazi.

#45 Jogoo wa Shamba
Nimewahi siti ya mbele.